Deni Lisilo na Karatasi: Kupinga Jina Kuwekwa CRB Kumbukumbu Zinapokosekana

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya walimu, wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, wafanyabiashara na mawakili)

Mada mliyonipa ni mada ambayo watu huizungumza kwa kunong'ona. Mtu akiibiwa simu huwaambia majirani wote. Akikuta jina lake liko CRB, hata mwenzake wa nyumbani hamwambii.

Kusudi langu jioni hii ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mtu akisomewa deni la zamani kwenye ripoti ya mikopo, na karatasi za deni hilo hazipo kwake wala kwa mkopeshaji, upungufu huo si wake peke yake kuubeba. Wengi wetu tunaamini kinyume. Tunasema, "Risiti sina, nitajitetea na nini?" Kisha tunalipa mara ya pili ili mambo yaishe.

Tukumbushane kidogo tulikotoka. Kanuni za kwanza za ofisi za taarifa za mikopo, yaani CRB, nchini Kenya ni za 2008, na ofisi ya kwanza ilipata leseni ya Benki Kuu mwaka 2010. Zilifuata kanuni za 2013, kisha za 2020. Ofisi tatu zilizotangulia kujulikana ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mwanzoni mambo haya yalikuwa ya wenye mikopo ya nyumba na magari. Halafu Novemba 2012 ikaja M-Shwari, na baada yake mikopo mingine ya simu, na ghafla mtu aliyekopa shilingi 800 za unga akawa ana historia ya mikopo sawa na mwenye hoteli. Hali ilifika pabaya hata kanuni za 2020 zikakataza kuripoti mtu vibaya kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Mwishoni mwa 2022 Benki Kuu ikatangaza mpango wa kurekebisha hali ya mamilioni ya wakopaji wa simu, kwa mikopo ya takribani shilingi bilioni 30. Msidhani basi kwamba ninazungumzia watu wachache wenye bahati mbaya.

Na CRB haimhusu mkopaji tu. Kijana anayetafuta kazi serikalini huambiwa alete cheti cha kodi, cha polisi, cha tume ya maadili, cha bodi ya mikopo ya wanafunzi (HELB), na cha CRB. Kwa hiyo mstari mmoja wenye makosa unaweza kumfungia mtu riziki ambayo haina uhusiano wowote na mkopo.

Niruhusuni nitumie mfano. Nimeutunga kwa kuunganisha visa vya aina moja, kwa hiyo asiwepo mtu hapa atakayedhani nimemtaja. Mwalimu alikopa benki mwaka 2011, shilingi 180,000, za kukatwa kwenye mshahara kwa miezi 36. Mwaka 2014 makato yakakoma, naye akasahau. Benki ile ikaunganishwa na nyingine. Mwaka 2023, amestaafu, anaomba mkopo wa sacco amalizie paa la nyumba. Karani anageuza kioo cha kompyuta upande wake: mkopo chechefu, salio shilingi 61,480. Anakwenda benki. Anaambiwa, "Mwalimu, mfumo wa zamani ulibadilishwa, mafaili ya wakati ule hatuyaoni. Lakini wewe leta uthibitisho kwamba ulimaliza." Hapo ndipo hoja zangu zinapoanzia.

Hoja ya kwanza: kuna maswali matatu, na tusiyachanganye.

Swali la kwanza ni kama deni lipo. La pili ni kama mkopeshaji bado anaweza kulidai mahakamani. La tatu ni kama ana haki ya kuutangazia ulimwengu wa wakopeshaji kwamba fulani hakulipa. Kila swali lina sheria yake. Deni linaweza kuwa lilikuwepo kweli, lakini muda wa kulishtakia ukawa umepita: kwa madai ya mkataba, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka hutoa miaka 6. Na hata muda huo ukipita, jina halifutiki CRB lenyewe. Vilevile deni linaweza kuwa halali kabisa, lakini tangazo lake likawa na kosa kwa sababu kiasi si sahihi, tarehe si sahihi, au mhusika hakupewa notisi.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mtu akienda kupinga huambiwa, kwa sauti ya kumkaripia, "Dawa ya deni ni kulipa." Maneno ya wazee ni kweli, lakini yanamhusu anayedaiwa, na hapa kama anadaiwa ndilo suala lenyewe. Anayeomba aonyeshwe msingi wa tangazo hajakana deni. Anauliza swali la tatu tu. Na karatasi zilizokosekana zina uzito mkubwa kuliko mahali pengine popote hasa katika swali hilo la tatu.

Hoja ya pili: anayetangaza ndiye anayepaswa kuthibitisha.

Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya ni chepesi kueleweka: anayetaka mahakama iamue kwa msingi wa jambo analodai, na athibitishe kwamba jambo hilo lipo. Kifungu cha 112 kinaongeza kwamba jambo ambalo mtu mmoja ndiye analijua hasa, mzigo wa kulithibitisha ni wake. Nani hasa anajua fedha ziliingiaje katika akaunti ya mkopo, riba ilihesabiwaje, na salio la 61,480 limetoka wapi? Ni mwenye vitabu.

Naona wakili mmoja kule nyuma anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema: kifungu hicho cha 112 kinaweza kumgeukia mkopaji pia, kwa sababu anayesema "nililipa" naye ameleta dai. Ni kweli, na sitaki muondoke hapa na matumaini ya uongo. Mahakamani, mkopeshaji akileta mkataba na taarifa ya akaunti inayosomeka, mkopaji atatakiwa aonyeshe alilipa wapi. Lakini ninazungumzia hali ambayo hata hiyo hatua ya kwanza haijapigwa. Mkopeshaji hana mkataba, hana taarifa ya akaunti, ana tarakimu moja tu kwenye kioo. Sheria hiyohiyo ya Ushahidi huipa nakala ya kitabu cha benki heshima kubwa, ila kwa masharti: ithibitike kuwa kitabu kilikuwa miongoni mwa vitabu vya kawaida vya benki, kwamba maandishi yaliingizwa katika shughuli za kawaida, na kwamba nakala imelinganishwa na asili. Salio lililohamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila miamala iliyolizaa haliwezi kudai heshima hiyo.

Sasa tufike kwenye jibu mtakalolisikia mara nyingi zaidi: "Kumbukumbu huwekwa miaka saba tu." Miaka hiyo 7 ni ya kweli. Imo katika sheria ya 2009 ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Lakini isomeni vizuri. Miaka 7 ndicho kiwango cha chini, na inaanza kuhesabiwa muamala unapokamilika, au akaunti au uhusiano wa kibiashara unapofika mwisho. Mkopeshaji anayemwambia Mwalimu kwamba mkopo wake haujalipwa anasema, kwa maneno mengine, kwamba uhusiano bado upo. Kama upo, miaka saba haijaanza kwenda, na faili lilipaswa kuwepo. Kama faili liliondolewa kihalali kwa sababu uhusiano ulimalizika, basi akaunti ilifungwa, na itakuwaje akaunti iliyofungwa iwe na salio chechefu? Achague moja. Sijawahi kusikia jibu linaloyashika yote mawili pamoja, na ningewaomba mawakili vijana waliomo humu waiandike hoja hii kwenye madaftari yao.

Juu ya hayo yote ipo Katiba. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake, na inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomdhuru. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeishusha haki hiyo hadi kaunta: anayehifadhi data zako anawajibika kuhakikisha ni sahihi, na zilizo na makosa zirekebishwe au zifutwe bila kuchelewa. Haisemi wewe ndiye uhakikishe usahihi wa data zake.

Hoja ya tatu: karatasi ikipotea mahali pamoja, mara nyingi ipo kwingine.

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu hukata tamaa mapema mno. Mkopo haukai kwenye faili moja. Ukipita huacha alama katika ofisi nyingi, na nyingine hazina habari kwamba zimehifadhi ushahidi wako.

Anzeni na ripoti zenyewe. Chukueni ripoti ya kila ofisi ya CRB, si moja tu, mziweke sambamba mezani. Angalieni namba ya akaunti, tarehe ya kufunguliwa, kiasi cha mwanzo, tarehe ya malipo ya mwisho, tarehe ya kushindwa kulipa. Mkopo huhesabiwa chechefu baada ya siku 90 bila malipo. Mkopo wa Mwalimu ulikuwa uishe 2014. Ripoti ikionyesha kwamba alianza kushindwa kulipa 2019, mwaka ambao hakukuwa hata na awamu ya kulipwa, tarehe hiyo imetoka kwenye kuhamishwa kwa mfumo, haikutoka kwenye mwenendo wa mkopaji. Na ikiwa ofisi moja inasema 61,480, ya pili inasema 43,000, na ya tatu haina mkopo huo kabisa, tayari mna ushahidi kwamba chanzo hakijui kinachosema. Mwenye ripoti ya zamani, aliyowahi kuichukua akiomba kazi mwaka 2016 au 2017, asiitupe. Ikiwa safi, inauliza swali zito: deni la 2014 lilikuwa wapi wakati ule?

Kisha mshahara. Hati za mshahara za miezi ile 36 zinaonyesha makato. Mwajiri akikata asipeleke, na jambo hili linajulikana vizuri katika sacco zetu, hilo ni shauri kati ya mkopeshaji na mwajiri, na angalau litaonyesha kwamba mfanyakazi hakukaidi. Hati zikipotea, mwajiri ana orodha ya makato, na benki ulikopokea mshahara, ikiwa ni nyingine, ina taarifa ya akaunti.

Kisha M-Pesa. Kila muamala una namba yake ya herufi na tarakimu kumi, na ujumbe unataja saa, kiasi na akaunti iliyolipiwa. Ombeni taarifa kamili ya kipindi husika. Tazameni hasa namba ya akaunti mliyoandika mkilipa kwa Paybill. Tarakimu moja ikikosewa, fedha hufika benki lakini haziingii kwenye mkopo. Hukaa katika akaunti ya fedha zisizo na mwenyewe, zikisubiri mtu azitambue, huku riba ya mkopo inaendelea kupanda. Fedha imelipwa, mkopo haujalipwa. Kisa hiki ni cha kawaida kuliko wizi.

Na iko dhamana, ambayo watu huisahau. Mliokopa kwa hati ya shamba, nendeni ofisi ya ardhi mfanye upekuzi. Rehani ikiwa imefutwa kwenye rejista, mkopeshaji mwenyewe alitia sahihi kuiachilia. Mliokopa kwa gari, daftari la umiliki lilikuwa na majina mawili. La benki likiwa limeondolewa, aliliondoa nani, na kwa nini? Hakuna mkopeshaji anayeachilia shamba huku bado anadai. Karatasi moja ya namna hiyo huwa na nguvu kuliko bunda la risiti.

Kwa aliyewekwa CRB kwa mkopo ambao hakuuchukua kamwe, kazi ni nyingine. Apige *106# aone laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, aripoti polisi laini asiyoitambua, na adai mkopeshaji aonyeshe fedha zilitumwa namba gani. Na wadhamini, jamani, nanyi mna haki hizi zote. Mdhamini anaweza kuingia kwenye ripoti kwa deni la mwingine, naye ana haki ya kuonyeshwa alikotia sahihi.

Hoja ya nne: pingamizi liandikwe, na lihesabiwe siku.

Maneno ya kaunta hayana tarehe. Barua moja iende ofisi ya CRB, nakala kwa mkopeshaji, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwa lugha nyepesi iseme hivi:

"Katika ripoti yangu ya tarehe fulani kuna mkopo namba fulani unaodaiwa kuwa chechefu. Bila kukiri deni lolote, ninapinga taarifa hiyo. Naomba nakala ya mkataba niliotia sahihi, taarifa ya akaunti ya mkopo tangu ulipotolewa, notisi niliyopewa kabla ya kuripotiwa na uthibitisho kwamba ilinifikia. Iwapo hizi hazipo, naomba taarifa hiyo ifutwe, na wote waliopewa ripoti hiyo wajulishwe."

Ombi la notisi lisiachwe. Kanuni zinamtaka mkopeshaji amjulishe mteja kabla ya kumripoti, na baada ya kumripoti pia. Notisi ni karatasi ya pili inayokosekana mara nyingi, na kukosekana kwake peke yake kumewagharimu wakopeshaji mahakamani.

Ofisi ya CRB ikipokea pingamizi inatakiwa kuweka alama kwenye ripoti kwamba mstari huo unabishaniwa, na kumuuliza mkopeshaji. Uchunguzi usipokamilika ndani ya siku 21, taarifa inayopingwa inatakiwa ifutwe. Chini ya sheria ya data, ombi la kuona taarifa zako lijibiwe ndani ya siku 7, na la kusahihisha ndani ya siku 14. Wakikaa kimya, kuna Benki Kuu kwa wale inaowasimamia, na kuna Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Mahakama ni mlango wa mwisho, na anayetaka kudai kwamba amechafuliwa jina asilale: muda wa madai ya kashfa ni miezi 12 tu.

Hoja ya tano ni fupi, ni ya tahadhari.

Msilipe "kidogo tu ili jina litoke". Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, malipo ya sehemu, au barua yenye sahihi yako inayokiri deni, huanzisha hesabu ya miaka 6 upya. Shilingi 2,000 za kumtuliza mpigaji simu zinaweza kufufua deni lililokuwa limekwisha kufa mahakamani. Wala jina halifutiki kwa kulipa: mstari hubadilika kuwa "umelipwa kwa kuchelewa", na historia hubaki miaka 5. Ukiona deni ni la kweli na unataka kulilipa, lipa, ni jambo la heshima. Ila dai hesabu kwanza. Kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinaweka kikomo: kama ulikuwa unadaiwa shilingi 40,000 mkopo ulipogeuka chechefu, riba inayoongezwa baada ya hapo isizidi 40,000 nyingine, ukiacha gharama za ukusanyaji. Wengi wanalipa mara nne ya hapo kwa kutojua. Na anayekuahidi kwenye WhatsApp kwamba ana mtu ndani atakusafishia jina kwa shilingi 3,000, huyo anahitaji namba ya kitambulisho chako tu, na mnajua atakwenda kuifanyia nini.

Mabibi na mabwana, niseme ninachotamani kukiona mbele yetu. Benki za nchi hii zitaendelea kuungana, kununuliwa na kubadilisha mifumo. Tuliona CBA na NIC zikiungana mwaka 2019, na kabla ya hapo benki kadhaa zikiwekwa chini ya mrasimu. Kila mara vitabu vya mikopo huhamia mkono mwingine. Ningependa kanuni zijazo ziseme wazi kwamba mkopo ukihamishwa, mkataba na miamala vihame pamoja na salio, na mkopeshaji mpya athibitishe kwa maandishi kwamba amevipokea kabla hajaripoti jina la mtu. Ningependa pia kila mstari mbaya katika ripoti uonyeshe tarehe ya notisi, kama unavyoonyesha kiasi. Kisanduku hicho kikiwa kitupu, mstari usipokelewe na mfumo. Hilo halihitaji bunge; linahitaji uamuzi wa msimamizi na kazi ya watengenezaji programu.

Na kwa sacco zilizomo humu: mwanachama akimaliza mkopo, msisubiri aombe. Mpeni barua ya kumaliza siku ya awamu ya mwisho, wadhamini wake wapewe nakala, na mweke yenu. Baadhi yenu mnaweza kuanza na waliomaliza mwezi huu.

Mwenyekiti, nimeona umetazama saa. Waliokuja na ripoti zao mkobani, tunaweza kuzifungua sasa pamoja, kuanzia na tarehe.